Kutafuta Riziki kwa Pumzi Moja: Namna Nyangumi na Sili Wanavyowinda Vilindini

Kwa karne nyingi pwani ya Afrika Mashariki iliuza ambari ng'ambo bila wauzaji wenyewe kujua kwa hakika inatoka wapi. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa karne ya 10, aliisifu ambari ya bahari ya Zanji kuwa ndiyo bora, na muda mrefu baada yake mabonge hayo ya kijivu yenye harufu ya ajabu yaliendelea kuokotwa ufukweni na kupelekwa kwa watengenezaji wa manukato. Leo tunajua kwamba ambari hutengenezwa ndani ya utumbo wa nyangumi, hasa yule mkubwa mwenye kichwa cha mraba, ambaye katika makala haya nitamwita nyangumi wa ambari. Bonge likipasuliwa, mara nyingi ndani yake hukutwa vipande vyeusi na vigumu, vilivyopinda kama mdomo wa kasuku. Ni midomo ya ngisi, sehemu ambayo tumbo la nyangumi hushindwa kuiyeyusha.

Midomo hiyo ni ushahidi wa jambo gumu kuliko linavyoonekana. Ngisi wengi wanaoliwa na nyangumi huyu huishi mamia ya mita chini ya uso wa bahari, mahali ambapo mwanga wa jua umefifia au haufiki kabisa, ilhali nyangumi ni mnyama mwenye mapafu, anayenyonyesha, na asiyeweza kupumua majini hata kidogo. Chakula chake kiko chini, pumzi yake iko juu, na katikati kuna safari ya dakika nyingi za kushuka na kupanda. Watu wengi, nami nikiwamo kabla sijaanza kulifuatilia suala hili, hustaajabia tu muda ambao wanyama hawa huweza kubana pumzi. Kubana pumzi ni nusu ya habari, tena nusu nyepesi. Nusu nzito ni kujua pa kushukia, kumtambua asiyeonekana, na kung'amua mapema kwamba mahali hapa hapana kitu, kabla pumzi haijaishia bure.

Tuanze na akiba ya pumzi, kwa sababu ndiyo inayoweka masharti ya mengine yote. Mpigambizi wa majongoo bahari hujaza mapafu kabla ya kuzama, na hewa hiyo ni sehemu kubwa ya mtaji wake. Sili wengi hufanya kinyume: huitoa hewa kwanza, kisha huzama mapafu yakiwa yamenywea. (Kwa msomaji asiyewahi kumwona, sili ni mnyama wa jamii ya wala nyama, mwenye mapezi badala ya miguu, anayezalia nchi kavu au juu ya barafu, pwani yetu hana makazi, na makundi makubwa yaliyo karibu nasi yako Namibia na Afrika Kusini.) Hewa nyingi mapafuni ingemwelesha, na shinikizo la maji, ambalo huongezeka kwa kiasi cha angahewa moja kila baada ya mita 10, lingeisukuma naitrojeni yake hadi ndani ya damu. Oksijeni ameiweka kwingine. Kwa binadamu damu ni takriban asilimia 7 ya uzito wa mwili. Kwa sili-tembo, aliye mkubwa kuliko sili wote, huzidi asilimia 20. Misuli yake nayo imesheheni mayoglobini, protini inayoshikilia oksijeni, hata nyama yake ikawa na rangi ya kukolea kama ya ini. Anapozama, mapigo ya moyo hupungua, mishipa iendayo kwenye ngozi, figo na utumbo hubanwa, na damu hutengwa kwa ajili ya ubongo na moyo wenyewe. Nyangumi wa buluu aliyebandikwa kifaa katika Ghuba ya Monterey, California, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, alifikia hatua ambayo moyo wake ulipiga mara 2 tu kwa dakika.

Namna akiba hiyo inavyotumiwa ilianza kueleweka Antaktika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa Kimarekani Gerald Kooyman aliwachunguza sili wa Weddell katika McMurdo Sound, ambako bahari hufunikwa na barafu nene. Tundu lilitobolewa kwenye barafu, mbali na nyufa nyingine zote, na sili akaachiwa humo. Kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kupumulia, alilazimika kurudi kwenye tundu lilelile, na kifaa alichofungwa kikarudi naye. Kifaa chenyewe kilikuwa cha kuchekesha: saa ya jikoni ya kuhesabia dakika, ya aina ile inayolia chakula kinapoiva, iliyounganishwa na kipima shinikizo kilichochora mstari kwenye kioo kilichopakwa masizi. Mistari hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba sili huyu hufika mita 600 chini na huweza kukaa majini kwa zaidi ya dakika 40 bila kupumua.

Rekodi hizo ndizo zilizovuma, lakini lenye maana zaidi kwa mada yetu ni lile la kila siku. Mara nyingi sili wa Weddell hakai chini zaidi ya dakika 20 hivi. Akizidisha hapo, mwili huanza kujiendesha bila oksijeni ya kutosha, asidi ya laktiki hurundikana, na deni hilo hulipwa juu: mzamo mmoja wa dakika 45 unaweza kumgharimu saa nzima au zaidi ya kupumua tu, muda ambao angeweza kuzama mara kadhaa kwa kifupi na kula. Kwa hiyo mwindaji hapimwi kwa mzamo wake mrefu kuliko yote. Hupimwa kwa jumla ya dakika ambazo, kwa siku nzima, amezitumia mahali penye chakula.

Hapo ndipo uamuzi wa kuondoka unapokuwa muhimu sawa na ule wa kushuka. Anayetembea mwendo mrefu hadi kisimani hatageuza na ndoo nusu, hata kama maji yanachuruzika. Mwenye bomba uani hulifungua, akaona maji hayatoki vizuri, akalifunga na kwenda zake. Watafiti wa Uskoti waliwajaribu sili wa kijivu katika bwawa, wakiwatengea chakula kingi au kichache, mara karibu na mara mbali na mahali pa kupumulia. Palipokuwa na samaki wachache, na safari ikiwa fupi, sili waliondoka mapema bila kuimaliza akiba yao ya pumzi. Ni hesabu, ingawa hatuna haja ya kudhani kwamba mnyama huifanya kwa tarakimu.

Sasa tuje kwenye kutambua kilichoko mbele gizani. Nyangumi wa ambari hutafuta kwa sauti, na kichwa chake, ambacho kwa dume aliyekomaa huchukua karibu theluthi moja ya urefu wa mwili, ni chombo cha kuitengeneza sauti hiyo. Mbele kabisa, karibu na tundu la pua, kuna jozi ya midomo ya nyama ambayo hewa ikisukumwa kati yake hutoa pigo. Pigo haliendi mbele moja kwa moja. Hurudi nyuma kwanza kupitia mfuko wa mafuta ya spamaseti, hugonga kifuko cha hewa kilicho mbele ya fuvu, kisha hurushwa tena mbele kupitia tabaka nyingine za mafuta, ambazo hulikusanya likawa mwali mwembamba kama kioo cha tochi kinavyoukusanya mwanga. Kinachotoka ni kidoko kifupi na kikali, ambacho karibu na chanzo chake hufikia desibeli 230 na zaidi kwa vipimo vya majini. Vipimo hivyo havilingani na desibeli za hewani tunazozisikia zikitajwa kwa ndege au spika za harusini, kwa hiyo tusivilinganishe moja kwa moja. Hata hivyo, hakuna mnyama mwingine anayejulikana kutoa sauti yenye nguvu kuliko hiyo.

Tufanye hesabu ndogo. Sauti husafiri baharini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde. Tuseme nyangumi anashuka huku akipiga kidoko kila baada ya nusu sekunde. Mwangwi uliorudi kabla ya kidoko kinachofuata utakuwa umesafiri, kwenda na kurudi, si zaidi ya mita 750. Maana yake kitu kilichourudisha kiko ndani ya mita 375 mbele yake. Akiongeza nafasi ikawa sekunde nzima, anajipa wasaa wa kusikiliza hadi mita 750. Hivyo nafasi iliyopo kati ya vidoko humdokeza msikilizaji ni umbali gani mnyama anauchunguza. Kisha, kwa ghafla, vidoko hushika kasi hadi makumi kwa sekunde, sikio la binadamu linashindwa kuvitenganisha, na kinachosikika ni mkwaruzo mmoja kama wa mlango ambao bawaba zake zimekauka mafuta. Wakati huohuo mwili wake mkubwa hupinduka na kujigeuza upesi. Mkwaruzo hukatika, panakuwa kimya kwa muda mfupi, halafu vidoko vya polepole vinaanza upya.

Maelezo haya tumeyapata kutoka kwenye vifaa vilivyobuniwa katika taasisi ya Woods Hole huko Marekani na kuanza kutumika kwa wingi tangu miaka ya 2000 mwanzoni. Mtafiti akiwa kwenye mashua ndogo hukibandika kifaa mgongoni mwa nyangumi kwa mti mrefu. Kifaa hujishikiza kwa vikombe vya kunyonya, hurekodi sauti, kina, na mwelekeo wa mwili, kisha baada ya saa kadhaa huachia na kuelea. Ni vizuri tukumbuke kwamba kifaa hakimwoni ngisi. Mkwaruzo huchukuliwa kuwa jaribio la kukamata, kwa hoja nzuri, lakini jaribio si tonge. Sioni tatizo makala za kisayansi zinapohesabu mikwaruzo; tatizo huanza hesabu hiyo inapofika magazetini ikiwa imegeuka idadi ya ngisi walioliwa. Hata namna anavyowatia kinywani imefahamika kwa njia ya kuzunguka: wavuvi wa nyangumi wa zamani waliwahi kuwaua nyangumi waliokuwa na taya la chini lililovunjika au kupinda, na bado walikuwa wamenona. Huenda basi meno si ya lazima, na ngisi huvutwa ndani kwa kunyonywa.

Sauti ina bei yake, kwa kuwa anayetafuta kwa kelele naye huweza kutafutwa. Hili linaonekana zaidi kwa nyangumi wa jamii ya Cuvier, ambao ndio wapigambizi wakubwa kuliko mamalia wote waliopimwa: mmoja alifika mita 2,992, na mwingine alikaa chini kwa saa 3 na dakika 42. Karibu na uso wa bahari hawapigi kidoko hata kimoja. Hushuka kimya, huanza kutafuta kwa sauti wakiwa wameshapita mamia ya mita, hunyamaza tena kabla ya kupanda, na hupanda kwa mshazari ili waibukie mahali tofauti na pale walipokuwa wakisikika. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba wanajificha wasisikiwe na nyangumi-muuaji, ambaye huwinda kwenye maji ya juu. Hofu hiyohiyo inadhaniwa kuchangia vifo vyao karibu na mazoezi ya kijeshi yenye sonari, yaani vyombo vya kutafutia vitu majini kwa sauti, kama ilivyotokea Bahamas mwezi Machi mwaka 2000, pale nyangumi kadhaa wa jamii hii walipokwama ufukweni.

Sili-tembo hana kidoko cha kupiga. Majike wa Bahari ya Pasifiki, wanaozalia fukwe za California kama Año Nuevo, huenda baharini kwa miezi kadhaa mfululizo, na karibu asilimia 90 ya muda huo wako chini ya maji: dakika 20 hivi kuzama, dakika mbili kupumua, usiku na mchana. Windo lao ni samaki wadogo wa vilindini, na makadirio ya jike mmoja ni samaki 1,000 hadi 2,000 kwa siku. Ana macho makubwa yanayohisi mwanga hafifu sana, na baadhi ya windo lake hung'aa lenyewe. Lakini chombo ambacho kimewashughulisha watafiti kwa miaka ya karibuni ni sharubu.

Jaribio maarufu lilifanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2001. Sili mmoja wa pwani za Ulaya alifunikwa macho, akazibwa masikio kwa vipokea sauti, huku nyambizi ndogo ya kuchezea ikipita bwawani. Nyambizi ilipokwisha zima injini, sili aliondolewa kizuizi cha masikio, akaachiwa. Aliinyoosha shingo, akazitandaza sharubu mbele, akaifuata njia ile ya maji yaliyovurugika, hata kona zake. Sharubu zilipofunikwa, hakuweza. Samaki anayeogelea huacha nyuma yake vizunguzungu vidogo vya maji vinavyodumu kwa dakika kadhaa, na kwa sili njia hiyo inasomeka kama unyayo kwenye mchanga uliolowa.

Kuna kikwazo hapo kilichotatuliwa kwa ustadi. Kitu chembamba kikipitishwa majini hutetemeka chenyewe; aliyeshika kamba ya nanga kwenye mkondo mkali ameuhisi mvumo wake mkononi. Sharubu za kawaida zingemjaza sili mtetemo wa mwendo wake mwenyewe hadi asihisi kingine. Lakini sharubu za sili wengi ni bapa, na kingo zake zina mawimbi kama ya mstari uliochorwa na mkono unaotetemeka, umbo linalouzima mtetemo huo kwa kiasi kikubwa. Kamera ndogo zilizobandikwa shavuni mwa sili-tembo, ambazo matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, zimewaonyesha wakizirusha sharubu mbele na nyuma kwa mapigo wanapofika kwenye kina cha kuwindia, kama mtu anavyopapasa ukutani akitafuta swichi gizani.

Sili wa Weddell, kwa kuwa anaishi chini ya dari la barafu, ana mbinu zake. Kamera za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilimwonyesha akipita chini ya samaki ili awaone wakiwa vivuli dhidi ya barafu inayopitisha mwanga. Wadogo walipojificha ndani ya nyufa za barafu, sili alisogeza pua na kupuliza mapovu ndani ya ufa, samaki wakatoka mbio. Mwanamke wa pwani aliyewahi kumchokoa pweza tunduni wakati wa maji kupwa ataielewa mbinu hiyo bila kufafanuliwa, isipokuwa kwamba sili hutumia hewa ambayo ni sehemu ya akiba yake.

Kina cha kuwindia nacho hakitulii mahali pamoja. Viumbe wengi wadogo wa vilindini hupanda usiku kula karibu na uso wa bahari na kushuka alfajiri kukimbia mwanga. Tabaka lao ni nene kiasi kwamba sonari za Vita vya Pili vya Dunia zililidhania kuwa sakafu ya bahari, sakafu iliyokuwa ikipanda jua linapozama. Ndiyo maana mizamo ya wanyama wengi wanaokula viumbe hao huwa mirefu kwenda chini mchana na mifupi usiku. Mwezi mpevu huvuruga ratiba hiyo, kwa kuwa mwangaza wake huwazuia viumbe hao kupanda. Wavuvi wetu wa dagaa, ambao taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi na kwa hiyo hukaa nchi kavu siku hizo, wana wenzao visiwani Galápagos: sili wenye manyoya wa huko huonekana wengi zaidi ufukweni mwezi unapokuwa mpevu, kwa maana windo liko mbali mno chini kuweza kulipa gharama ya safari.

Nyangumi wakubwa wanaochuja uduvi hawana kidoko cha kutafutia kama kile cha nyangumi wa ambari, na sharubu zao chache haziwezi kuwaambia chakula kiko kilomita ngapi. Kwao kumbukumbu ina uzito mkubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu nyangumi wa buluu wa pwani ya magharibi ya Marekani ulionyesha kwamba safari zao zilifuata mahali ambapo chakula kimekuwa kikistawi kwa wastani wa miaka mingi, kuliko hali ya mwaka huohuo. Ni mbinu nzuri kwa bahari isiyobadilika sana, na ndiyo sababu mabadiliko ya joto la bahari yanawatia watafiti wasiwasi. Wale wenye kibiongo wanaoonekana kwetu kati ya Julai na Oktoba, kuanzia Msumbiji hadi Kenya, wamekuja kuzaa na kupandana, na kwa kipindi hicho hula kidogo sana au hawali kabisa. Utafutaji wao umefanyika Antaktika, na huku wanayatumia mafuta waliyoyaweka.

Basi mtafiti aliye nchi kavu hujuaje kwamba sili aliye katikati ya Pasifiki amefanikiwa? Jibu limepatikana katika usingizi wake. Sili-tembo akiwa safarini hulala takriban saa 2 tu kwa siku, tena kwa vipande vya dakika chache ndani ya mizamo yake, mbali na uso wa bahari ambako papa na nyangumi-muuaji huwinda. Hushuka, huacha kuogelea, hupinduka chali, na huzama taratibu akizunguka kama jani lililoanguka. Kwa dakika hizo hakuna msuli unaomsukuma. Mwendo wake hutegemea tu uzito wa mwili ndani ya maji. Sili aliyekonda huzama upesi. Aliyepata chakula amejijengea mafuta, na mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo kila baada ya siku chache kushuka kwake hupungua kasi, na wengine waliofanikiwa sana hufika mahali wakawa, usingizini, wanaelea kwenda juu. Kifaa kilicho mgongoni huandika kasi hiyo, mzamo baada ya mzamo, na ramani ya bahari hujaa alama za mahali aliponenepa.